Risala ya Kikundi cha Walezi wa Wazee Wenye Ugonjwa wa Kusahau kwa Mgeni Rasmi, Masasi, Siku ya Alzheimer Duniani, 21 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa dini na serikali,
Wazee wetu na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Masasi. Tunakushukuru hasa kwa kuja mwenyewe, maana mwaka jana alikuja mwakilishi, akatueleza kwamba hana mamlaka ya kuahidi chochote.

Mheshimiwa, kikundi kilianzia chini ya mkorosho, kwa walezi wachache ambao wazazi wao walikuwa wakitoka usiku na kupotelea mashambani. Majirani walisema wamerogwa. Historia ni hiyo, hatutakuchosha.

Mafanikio ni makubwa. Tuna viti vya plastiki na turubai linalokodishwa hadi kata za jirani. Tumeelimisha jamii kwa kiwango cha kuridhisha sana, na mganga mmoja wa jadi sasa huwaelekeza wagonjwa hawa zahanati, akishapokea ada yake. Zaidi ya yote tuna daftari la wazee wanaosahau: umri, ukoo, na nani mwingine katika familia alikuwa hivyo.

Daftari hilo ndilo lililotuleta kwako: tunataka wazee wetu nao waingie katika utafiti wa urithi wa ugonjwa huu. Tangu 1993 inajulikana kuwa jeni (kipande cha urithi tunachopewa na wazazi) iitwayo APOE, ile aina yake ya e4, huongeza hatari ya Alzheimer. Jeni nyingine nyingi mchango wake ni mdogo mno, hauonekani mpaka wapimwe watu makumi elfu. Kwa sababu hiyo mwaka 2011 makundi manne ya watafiti wa Marekani na Ulaya yaliunganisha takwimu zao katika IGAP, mradi wa kimataifa wa kutafuta jeni za Alzheimer, na mwaka 2013 yakatoa matokeo ya watu 74,046. Utafiti wa 2022 ukafikisha maeneo 75 ya jenomu, yaani urithi wote wa mtu, yanayohusika. Karibu wote waliopimwa ni wenye asili ya Ulaya. Lakini e4 hiyohiyo, ilipochunguzwa kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, haikuwa na nguvu ileile. Basi majibu ya huko hayawezi kubebwa yalivyo na kuletwa kwa bibi wa Kimakonde au babu wa Kiyao.

Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na zaidi walishachunguzwa, na takriban 6 katika kila 100 walikutwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hatuwaonei Hai wivu. Tunauliza tu, Kusini ni lini?

Mheshimiwa, tunaomba chumba chenye faragha, jokofu la kugandisha damu kwa nyuzi joto 80 chini ya sifuri, umeme wa akiba, na mratibu mmoja wa kuajiriwa. Huyu wa mwisho ndiye tunayemlilia. Katika utafiti wa nchi nyingi kila kituo lazima kiulize maswali yaleyale na kujaza fomu zilezile. Kituo kikikosea, takwimu zake zinawekwa kando. Kipimo cha kumbukumbu kinachomtaka mzee asome na kuandika kinamwonea ambaye hakusoma. Mgonjwa aliyekwishasahau hawezi kuridhia peke yake, lazima familia ielezwe, tena kwa lugha yake, na irudishiwe majibu. Kazi hiyo sasa inafanywa na kijana wa kujitolea. Minada ya korosho ikifunguliwa hatumwoni, wala hatumlaumu.

Chumba tuliwahi kuahidiwa. Kiwanja kikapimwa, vigingi vikachomekwa, tukapigwa picha. Vigingi vimeliwa na mchwa. Kisha tukaahidiwa jokofu, likaja la soda, lenye mlango wa kioo. Tulishukuru kwa adabu zote, na maji uliyowekewa mezani yametoka humo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa hatuombi ahadi, ahadi tunazo. Tunaomba utaje tarehe, na ofisi tutakayofuatilia. Katibu wetu ameketi kulia kwako, kalamu anayo.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Maandalizi