Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya majengo ya reli: ondoeni saruji kwenye ghala letu

Mheshimiwa, salaam.

Kwa heshima na taadhima tunakuandikia kuhusu ghala la mizigo la stesheni yetu, kati ya Tabora na Kigoma. Uliposimama jukwaani uliahidi ukarabati wa kulinda historia. Mafundi wamekuja kweli: wiki iliyopita wamepiga lipu ya saruji ukuta mzima wa upande wa reli, na juzi njia ya reli ya pembeni imekatwa kwa gesi, imekwenda kuuzwa chuma chakavu. Tunashukuru kwa ulinzi huo.

Labda umesahau kinacholindwa. Reli hii ya upana wa mita moja Wajerumani waliianzia Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Meli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, ndiyo Liemba ya leo, ilisafirishwa kwa reli hii vipande vipande ndani ya masanduku. Mkataba wa 1921 kati ya Waingereza na Wabelgiji ukawapa Wabelgiji eneo lao la mizigo bandarini Kigoma, na shehena za Kongo, Rwanda na Burundi zikawa zinapita hapa.

Sakafu ya ghala imeinuliwa ilingane na sakafu ya behewa, toroli ya magunia ivuke bila mtu kunyanyua. Kuta ni mawe na chokaa. Unyevu unaopanda toka ardhini hutoka kupitia chokaa ukakauka. Ukiziba kwa saruji unabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na misimu miwili ya mvua baadaye lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Hapo mtatuambia jengo limechoka, livunjwe. Pengine ndiyo hesabu yenyewe, maana kiwanja kinatazamana na soko.

Lipu ibanduliwe sasa, kwa patasi na nyundo ndogo, siyo mashine. Kifusi kilichorundikwa ukutani kichimbuliwe hadi chini ya usawa wa sakafu, na mifereji ya paa irudishwe, la sivyo kazi ni bure. Kisha chokaa iliyolowekwa, sehemu moja kwa tatu za mchanga, tabaka nyembamba, inyunyiziwe maji isikauke haraka.

Fedha zikipungua, acheni rangi. Acheni na jiwe la uzinduzi. Saruji itoke, Mheshimiwa. Itoke kabla ya mvua.

Wakazi wa jirani na stesheni