Kabla ya Safari ya Burren

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi tutatembelea Burren, katika kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi, nchi ya mawe ya chokaa yaliyokwanguliwa na barafu ya kale hadi yakabaki miamba mitupu yenye nyufa. Wafugaji wa huko hupandisha ng'ombe vilimani majira ya baridi, kinyume na desturi ya kwingi Ulaya, kwa kuwa mwamba hutunza joto na haushiki maji. Ng'ombe wakishamaliza nyasi kavu, maua hupata nafasi ya kuchanua ifikapo Mei. Kwangu mimi, hilo linavutia kuliko hata Poulnabrone, kaburi la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, ambamo wachimbaji walikuta mabaki ya watu wasiopungua 30.

Tafadhali vaeni viatu imara.