Barua kwa mwanangu aliyeko Liège, Ubelgiji: gari ni moja, matokeo ishirini

Lubumbashi, Katuba

Binti yangu mpendwa, mama,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili tumeusikiliza pamoja, mimi, mama yako na mdogo wako, na wote wanakusalimu. Tumefurahi mno kwamba umepata nafasi ya mafunzo kwenye timu ya magari ya mbio. Lakini nimekusikia pia ukinung'unika. Magari yote ya mashindano hayo yametoka kiwanda kimoja, injini imefungwa kwa lakiri, mabawa hairuhusiwi kuyachonga, kila timu inapewa kile kile alichopewa jirani yake. Ukauliza mhandisi anabakiwa na kazi gani hapo zaidi ya kubeba tairi.

Nimeamua kukujibu kwa barua. Kwa simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, nakufahamu.

Chukua msimu wa 2018 wa Formula 2, yale mashindano yaliyo ngazi moja chini ya Formula 1. Niliufuatilia karibu wote kwenye simu, mega za intaneti zikiisha nanunua nyingine, mama yako akiuliza kama mbio hizo ndizo zitakazotuletea unga wa bukari. Mwaka ule walileta gari jipya. Bodi ya Dallara kutoka Italia, injini ya Mecachrome ya V6 yenye turbo, lita 3.4, nguvu za farasi 620, tairi za Pirelli. Timu 10, madereva 20, mbio 24 katika viwanja 12. Hakuna aliyekuwa na kitu cha ziada chini ya boneti. Kwa hoja yako, wangemaliza wakiwa wamebanana. Mwisho wa msimu George Russell wa timu ya ART alikuwa na pointi 287, Lando Norris wa Carlin 219, Alexander Albon wa DAMS 212. Kati ya wa kwanza na wa pili, pointi 68! Na gari ni lile lile.

Najua utanijibu kwamba hiyo ni kazi ya dereva. Sawa, Russell alishinda mbio 7, sibishi. Lakini Jack Aitken, aliyekuwa naye kwenye timu hiyo hiyo ya ART, alimaliza nje ya kumi bora, na ndiyo maana ubingwa wa timu haukwenda ART. Uliondoka na Carlin, kwa sababu Norris na mwenzake Sérgio Sette Câmara walileta pointi wote wawili wikendi baada ya wikendi. Norris mwenyewe alishinda mbio moja tu msimu mzima, ile ya kwanza kabisa kule Bahrain, na bado akawa wa pili. Mtu hawezi kufanya hivyo kama nyuma yake hakuna watu wanaomrudishia gari zuri kila Ijumaa.

Tena fikiria muda waliokuwa nao. Mazoezi ni dakika 45. Baada ya hapo, dakika 30 za kutafuta nafasi ya kuanzia, na mwaka ule aliyeshika nafasi ya kwanza alipewa pointi 4 kabla hata mbio hazijaanza. Basi. Hakuna siku ya pili ya kujaribu hiki na kile. Mhandisi anaposhusha sanduku lake pale, lazima awe amekwisha kuamua springi zipi, shokapu zikazwe kiasi gani, gari likae juu ya lami kwa kimo gani, magurudumu yalale kwa pembe ipi, bawa la nyuma lisimame au lilale. Hayo yote wamewaachia wazi. Kiwanda kinatoa gari, lakini hakitoi majibu.

Unazikumbuka zile Hiace mbili za tajiri mmoja wa hapa komini ya Kenya, zilizoingia pamoja kupitia mpaka wa Kasumbalesa, mwaka mmoja, rangi moja? Moja ilikuwa inakula tairi za mbele kama mchwa, nyingine hapana. Mafundi wakubwa walikwisha kusema ni tairi mbovu za bei rahisi. Wewe ulikuwa bado unavaa sare ya shule, ukapitisha kiganja kwenye tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje, ukasema: baba, ukienda huku ni laini, ukirudi huku ina meno. Tulipopima tukakuta magurudumu ya mbele yanatazamana vibaya. Hakuna kipuri tulichonunua, tulikaza na kulegeza tu. Sasa leo unaniambia kwamba pasipo kubadilisha kitu mhandisi hana kazi? Wewe?

Nije kwenye klachi, maana hapo ndipo vijana wa garaji walipobishana nami hadi giza likaingia. Hadi 2017 magari yale yalikuwa na V8 ya lita 4.0 isiyo na turbo. Injini ya namna ile ukiikanyaga inaitika papo hapo. Ya turbo, wajua, chini kabisa inasinzia, halafu inaamka kwa ghafla. Na klachi ya gari la fomula haikanyagwi kwa mguu, inaachiwa kwa vidole, kwa kijiti kilicho nyuma ya usukani. Taa zinazimika, dereva anaachia, na katika nafasi ndogo sana ya kidole ama gari linaruka, ama magurudumu yanazunguka bure, ama injini inazima. Mwanzoni mwa 2018 zilizima mno. Unaona gari limesimama katikati ya gridi, pale kwenye mistari ya kuanzia, na wenzake wanakuja nyuma yake wakiwa wameshapata mwendo, roho inakutoka. Ikafika mahali FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, wakaamua kwamba mbio za Austria na za Silverstone zianze magari yakiwa tayari yanatembea nyuma ya gari la usalama. Baadaye wakarudi kwenye kuanza kwa kusimama.

Vijana wangu walisema: hayo ni makosa ya kiwanda, timu ifanye nini? Mimi nilisema hapana, kiwanda kina lake, lakini timu nayo ina lake. Klachi ikiwa baridi inashika mahali pengine, ikipata moto inashika mahali pengine, ikilika inahama tena. Dereva aliyefungwa mikanda ndani ya kile kitundu hawezi kulijua hilo peke yake. Kuna mtu mwenye kompyuta anayepaswa kumwambia: leo inashika hapa. Mtu huyo ndiye nataka uwe.

Na tazama iliishia wapi. Tarehe 24 Novemba 2018, Abu Dhabi, Albon alikuwa bado na matumaini ya ubingwa. Taa zikazimika, na gari lake likazimika pale pale. Russell akashinda mbio ile na ubingwa pamoja. Msimu mzima wa mtu ukabaki pale kwenye mistari nyeupe! Niliumia kwa ajili ya kijana yule, kwa sababu Red Bull, waliokuwa wakimlea kwenye mbio, walikuwa wamemwacha tangu 2012, na msimu ule wenyewe aliuanza bila uhakika wa kuumaliza, mkataba wake na DAMS ulikuwa wa kusogea mbio kwa mbio. Hata hivyo alipata nafasi Toro Rosso, timu ndogo ya hao hao Red Bull, kwa 2019. Russell akaenda Williams, Norris McLaren. Watatu wa juu, wote wakapanda Formula 1 mwaka mmoja.

Habari ya fedha sitaisema sana. Viti vile vinalipiwa, na mtoto wa fundi hapa kwetu haketi humo kwa sababu ana kipaji tu. Kwa upande wako wewe, jambo hilo lina nafuu yake: anayeketi analipa, anayeshika spana analipwa. Hata kama ni kidogo.

Tairi ndizo ningependa uzisome kuliko kitu kingine. Kwenye Formula 2 hawaruhusiwi kuzipasha moto kwa yale mablanketi ya umeme unayoyaona Formula 1. Zinatoka baridi. Mbio kuu, ambayo mwaka ule ilikuwa Jumamosi, inalazimisha kuingia piti, pale pa kubadilishia tairi, mara moja na kutumia aina mbili za mpira, laini na ngumu zaidi, kwa hiyo kila dereva lazima apitie ule mzunguko mmoja wa hofu ambapo wenzake wana tairi za moto na yeye ana za baridi. Kuna wanaoanza na laini kama wengi. Wengine wanageuza. Tadasuke Makino, Mjapani, pale Monza alianzia nafasi ya 14, akatumia tairi ngumu zaidi mwanzoni, akachelewa kuingia, akavaa laini wakati wengine zao zimechoka, na akashinda. Farasi 620 zile zile za kila mtu! Ule uamuzi ulifanywa na watu wa timu waliokaa kwenye ukuta wa kando ya piti wakiwa na karatasi na saa.

Nimemtaja Makino, basi niseme na hili, kwa kuwa mama yako ameniagiza nisilikwepe. Mwaka huo wa 2018 ndio walioanza kuweka halo kwenye magari hayo, ile fremu ya titani juu ya kichwa cha dereva. Watu walisema inachukiza macho. Mwezi Mei, Barcelona, gari la Nirei Fukuzumi lilipanda juu ya gari la Makino, na tairi ikaacha alama nyeusi juu ya halo, mahali ambapo bila fremu ile pangekuwa na kichwa. Makino akashuka kwa miguu yake. Miezi michache baadaye ndiye aliyekuwa juu ya jukwaa la Monza.

Lakini halo haizuii kila kitu. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Agosti 2019, hapo hapo Spa, uwanja wa huko Ubelgiji unapokwenda, Anthoine Hubert, Mfaransa wa miaka 22, alipoteza maisha kwenye mbio kuu, pale juu baada ya kile kilima cha Raidillon. Juan Manuel Correa aliumia vibaya miguu. Namba 19 ya Hubert hawakuitoa tena. Mama yako aliiona habari hiyo wakati ule, na uliposema "Spa" alinyamaza, akaondoka kwenda kuchota maji. Mpigie yeye mwenyewe. Mweleze utasimama wapi, utavaa nini, nani anasimamia usalama wako. Usimwambie "usijali", si kwamba anajali kwa kukosa maelezo tu, anajali kwa sababu ni mama.

Na ukifika Spa, tembea uwanja mzima kwa miguu kama watakuruhusu. Ni kilometa 7.004, hutachoka, ulizoea kutoka Katuba hadi mjini. Utaelewa kwa nini nasema kiwanda hakitoi majibu. Baada ya Raidillon kuna mnyoofu mrefu wa Kemmel. Pale kila mtu anataka bawa lililolala ili gari lipae. Kisha barabara inashuka ikijipinda katikati ya miti, na pale bawa lililolala linakuacha unateleza. Huwezi kupata vyote viwili. Na mvua ya huko inaweza kunyesha upande mmoja wa uwanja, upande wa pili ukawa mkavu. Mwaka 2018 mbio kuu ya Spa alishinda Nyck de Vries, ile fupi ya Jumapili akashinda Nicholas Latifi. Timu tofauti, gari moja. Kila mmoja alichagua kupoteza mahali fulani ili apate mahali pengine, nami hadi leo natamani kuona karatasi zao za vipimo.

Hizo karatasi ndizo ninazotaka uniambie habari zake. Siyo siri za timu, hapana, usije ukafukuzwa kwa ajili yangu. Niambie tu wanavyozijaza: nani anaandika, dereva anaulizwa nini akishuka, wanapima presha ya tairi mara ngapi kati ya asubuhi na mbio, na wanapima tena gari likirudi lingali la moto au wanangoja lipoe. Hapa vijana wangu wanapima presha kwa kupiga teke, na nimechoka kusema peke yangu.

Mdogo wako anauliza kama timu inatoa kofia. Fedha ya viatu vya kazi nimempa yaya yako, yule mkubwa wako, ataituma kabla ya mwisho wa wiki. Nunua vyenye chuma mbele, usinunue vya bei ya chini ukabakiza chenji.

Baba yako