Mhariri, dawa ya bibi ilikuwa na kipimo

Mhariri, salamu na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, nina kibanda changu pande za Ngamiani nauza liwa, ule mti wa kunukia wa kujipaka mwilini, singo, udi, mawaridi makavu, manjano ya kusaga na vimitishamba vidogo vidogo, kwahiyo msije mkadhani anayewaandikia ni mtu anayepiga vita dawa za asili, hizo dawa ndio zinanilisha na ndio zimenisomeshea wanangu wawili. Ila ule ukurasa wenu wa afya wa Jumamosi iliyopita, ule wa tiba za chunusi za nyumbani, umenikosesha raha mpaka nimeshika kalamu, na mimi sio mwandishi mnisamehe tu.

Mmeandika mtu akamue ndimu apake usoni asubuhi, aache ikauke, halafu aendelee na shughuli zake. Basi. Shughuli zenyewe juani hamkuzisema. Mimi nazijua maana yamenikuta. Nilikuwa na miaka 19, dada yangu anaolewa, mimi uso umejaa chunusi na nataka nionekane mtu kwenye picha, nikasikia kwa mashoga zangu habari ya ndimu nikajipaka asubuhi, tena nyingi mpaka ikachuruzika shingoni, nikatoka uani kukuna nazi na kuanika mchele mpaka mchana. Jioni uso unawaka moto, kesho yake malengelenge, na yalipokauka ikabaki michirizi myeusi palepale ndimu ilipopita, shavuni mpaka shingoni, kama mtu alonimwagia kahawa. Ilichukua karibu miezi mitano kufutika. Ukiziona picha za ile harusi mimi ndio yule aliyejifunika mtandio nusu uso kama mwari mwenyewe.

Nilikuja kuelezwa baadaye na daktari wa ngozi kwamba ndimu na limau, hasa kwenye ganda, zina kitu ambacho jua likikipiga kinaunguza ngozi. Ndimu peke yake ndani ya nyumba unaweza usione kitu, na jua peke yake tumelizoea, ila vikikutana ndio balaa. Bibi yangu aliponiona alisema neno moja tu, "ndimu ya samaki hiyo", akaondoka zake.

Huyo bibi ndio hasa ninayetaka kumsemea leo. Alikuwa anajua majani ya mtaa mzima, watu wakimjia alfajiri na watoto mgongoni, na kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni kwamba hakuwahi kumwambia mtu "chemsha majani unywe". Hata siku moja. Alisema majani mangapi, ya mti gani, machanga au makavu, maji kiasi gani, unywe kikombe cha kahawa au kisoda, siku ngapi, na nani asiguse kabisa. Kuna dawa ya ukufi, kiganja kimoja, na kuna dawa ya konzi, mkono uliofumba, na ukimchanganyia anakufokea. Mwenye mimba alikuwa na orodha yake ndefu ya visivyofaa, na mtoto mchanga ndio kabisa, huyo hanywi kitu cha bibi. Leo nasikiliza klipu za kwenye simu, mtu kavaa shati jeupe anasema chukua majani ya kutosha, chemsha, kunywa kutwa mara tatu, haina madhara kwa kuwa ni asili. Ya kutosha ndio kiasi gani sasa? Na tumbaku nayo si jani, imeota yenyewe ardhini?

Chukueni mfano wa mshubiri, alovera hiyo, maana na huo mmeutaja. Mmeandika mtu akate jani apake. Jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti ndani yake jamani. Ukilikata tu unatoka utomvu wa njano, mchungu ule ambao mama zetu walikuwa wanapaka titi mtoto aache ziwa, huo ukiunywa unaharisha mpaka unashika ukuta na ngozi za watu wengine unaziwasha. Halafu katikati ndio kuna ule ute mweupe unaotelezateleza, huo ndio wa ngozi, unapoza vizuri alieungua jua au kuungua kidogo jikoni baada ya kuweka maji ya baridi kwanza. Bibi alikuwa akishakata jani analisimamisha kwenye bakuli kama mkuki, unaachwa ule unjano udondoke wote, ndio anamenya, anasuuza, anapaka kwanza nyuma ya mkono wa mgonjwa wanasubiri. Mstari mmoja tu wa kuandika huo, ungewaepusha watu na vipele.

Wapo watakaosema mama huyu anatupeleka kizungu na vipimo vyake. Sio uzungu. Hebu angalieni dawa mseto tunayokunywa wote tukishikwa na malaria, nusu yake imetoka kwenye jani, mmea huu tunaouita pakanga ambao umewahi kulimwa mpaka Arusha huko. Mama wa Kichina aliyeivumbua, Tu Youyou, alihangaika nalo hilo jani, mara linafanya kazi mara halifanyi, mpaka akarudi kusoma maandishi ya tabibu wao wa miaka zaidi ya 1,600 iliyopita akakuta imeandikwa loweka konzi moja kwenye maji, kamua, kunywa. Loweka! Hapakuwa na kuchemsha. Akashtuka kwamba labda moto ndio unaoua dawa, akaitoa kwa joto dogo, na mwaka 2015 wakampa tuzo ya Nobel. Kwahiyo jani lilikuwa lilelile miaka yote, kilichokosekana ni namna ya kulitengeneza, na ile namna ilikuwa imeandikwa na mganga wa zamani. Yule tabibu angeandika kama gazeti letu linavyoandika sijui tungekuwa wapi leo. Na kwa taarifa tu, chai ya pakanga ya nyumbani Shirika la Afya Duniani limesema isitumike kutibu malaria, maana dawa iliyomo kwenye kikombe hukijui kiasi chake, leo nyingi kesho kidogo, vijidudu vinazoea. Najua 2020, wakati wa korona, serikali ilipeleka ndege Madagaska kufuata kinywaji chao chenye pakanga, na nyungu, kule kujifukiza mvuke wa majani, tumepiga wote, mimi nimeuza michaichai na majani ya mkaratusi mpaka nikaishiwa, lakini jirani yangu kaunguza mguu wa mtoto kwa ile sufuria na ule ukovu upo mpaka leo, hiyo nayo mngeiandika.

Turudi kwenye ngozi maana ndio kazi yangu. Mwarobaini kwa upele wa kuambukizana, ule unaowasha usiku na kukaa vidoleni, mimi nauamini, tena sio mimi peke yangu, India mwaka 1992 iliandikwa habari ya wagonjwa 814 waliopakwa uji wa majani ya mwarobaini na manjano na asilimia 97 wakapona ndani ya siku 3 mpaka 15. Hawakuwa na kundi la kulinganisha nao, hilo niseme kweli, lakini sio jambo dogo. Kupaka lakini! Mafuta ya mbegu ya huohuo mwarobaini kumnywesha mtoto mchanga ni hatari kubwa, Malaysia miaka ya mwanzo ya 1980 madaktari waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa, wakatapika, wakapata degedege, na wengine hawakupona. Mti mmoja, kwenye ngozi unafaa, kooni kwa mtoto unaua. Na huo upele hata ukiupaka nini, kama nyumba nzima haijapakwa siku moja na mashuka hayajafuliwa kwa maji ya moto, wiki mbili umerudi, na watu watasema dawa ya mama wa liwa feki.

Liwa yenyewe kwa vipele vya joto ni raha tupu, unaisugua kwenye jiwe na maji ya waridi unapaka mwilini unalala. Ila siku hizi sokoni kuna unga unaitwa liwa ambao ni vumbi la mbao na manukato ya dukani, mtoto anapakwa anawashwa zaidi. Nikiulizwa nawaambia ninusie, liwa ya kweli harufu yake tulivu haikupigi puani.

Lakini kinachonitisha kuliko ndimu na kuliko yote ni hizi krimu za mitishamba zinazouzwa kwenye vikopo visivyo na lebo. Alikuja dada mmoja kibandani, ana ukurutu mikononi, kauziwa kikopo kaambiwa asilia asilimia mia, kapaka siku mbili ukurutu umepotea kabisa, ngozi nyororo. Akanisifia nijue nami niuze. Nikamwambia dada, jani linalofuta ukurutu kwa siku mbili mimi sijawahi kuliona na nimezaliwa humu. Kaja tena baada ya miezi kadhaa, ngozi imekuwa nyembamba kama ya kitunguu, mishipa inaonekana, michirizi makwapani, na akiacha kupaka siku tatu ukurutu unarudi mara mbili yake. Hospitali wakamwambia hizo ni dalili za steroidi kali, zile krimu ambazo daktari anakuandikia kwa siku chache, na huyu alikuwa anajipaka asubuhi na jioni kama losheni. Humo hakukuwa na mtishamba bwana, kulikuwa na krimu ya famasi imekorogwa na rangi ya kijani. Ni ndugu yake yule mkorogo wa kujichubua tunaoujua, wenye zebaki na haidrokwinoni, kavalishwa tu kanga ya mitishamba. Sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002 na baraza lake lipo, dawa inatakiwa isajiliwe, sasa gazeti mkichapa tangazo la kikopo bila kuuliza namba ya usajili mnakuwa mnafanya nini?

Na kuna vitu bibi alikuwa anavikataa mlangoni. Mzee mmoja kaja kibandani kwangu na malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mbavu kama mkanda, maumivu kama kachomwa na kaa la moto, nyumbani wameshaamini karogwa. Mkanda wa jeshi ule. Bibi enzi zake alikuwa hana dawa yake akisema wazi, na siku hizi vidonge vipo, ila vinafanya kazi vizuri ukiviwahi ndani ya siku 3 tangu malengelenge yatoke, kwahiyo mtu akizungushwa kwa majani wiki nzima ndio keshaukosa huo muda, na ukitokea karibu na jicho anaweza kupoteza jicho. Nilimpakia mzee bodaboda palepale. Hela ya liwa sikuipata siku hiyo lakini.

Sisemi watu waache. Asali kwa kikohozi hata Uingereza mwaka 2018 waliiweka kwenye mwongozo wao, ila sio kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, huyo asali inaweza kumletea sumu ya kulegeza misuli mpaka pumzi. Tangawizi kwa kichefuchefu, sawa. Karafuu kwa jino linalouma nayo sawa, inatia ganzi kweli, ila mafuta yake matupu yanababua ufizi, tia tone kwenye mafuta ya kula ndio upake na pamba, na ganzi ikiisha jino bado bovu nenda kang'oe. Majani ya mpera kwa tumbo la kuendesha bibi alitoa, lakini mtoto alikuwa anaanza kwanza na maji ya chumvi na sukari. Kitunguu saumu cha kusaga kufungia kidonda au choa hapana kabisa, kinaunguza kama tindikali, nimeshaona mtoto kachubuka paji zima. Na wenye presha na sukari wanaokunywa dawa za hospitali na bado wanaongeza mizizi juu yake kimyakimya, hao nawaomba wamwambie daktari wao, hata kama atanuna.

Sasa ninachoomba kwenu mhariri sio kikubwa. Mkiandika tiba ya asili andikeni ni sehemu gani ya mti, kiasi gani kwa vijiko, inapakwa au inanywewa, nani asiitumie, na ikipita siku ngapi bila nafuu mtu aende hospitali. Nafasi ipo, ile picha ya mdada wa Kizungu kaweka matango machoni mkiipunguza kidogo inatosha kabisa.

Na lile la ndimu tafadhali mlirekebishe kabla ya Jumamosi hii, maana huku kwetu harusi za mfunguo mosi, baada ya Ramadhani, zimekaribia na wasichana wawili wameshakuja kibandani kwangu na kile kipande cha gazeti wamekikata kwa mkasi wanauliza ndimu za kijani au za njano.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa liwa, Ngamiani, Tanga