Shoga, nimeiazima S.L.P. ya mama bila kuomba

Dodoma, Jumapili usiku

Mwana shoga yangu,

Hujambo, wa nyumbani hawajambo? Mama mfikishie shikamoo yangu lakini usimfikishie leo, subiri kwanza usome mpaka chini maana kuna jambo linamhusu na akilisikia kwa mtu mwingine ntaonekana mtoto asiyefunzwa. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Ile meseji yako ya "umekufa nije kuzika?" niliiona, nikacheka, nikasema ntajibu kesho, na kesho yenyewe ndo hii.

Haya. Unaikumbuka ile S.L.P. ya shule anayofundisha mama yako, tuliyoiandika kwenye fomu za mkopo? Nimeitumia tena. Sijamwambia mtu yeyote. Kuna barua inatakiwa ifike pale ina jina langu, imetoka Google, na nakuomba kwa heshima zote za urafiki wetu uende ukaangalie kama imeshafika kabla mwalimu mkuu hajaifungua akadhani nimeolewa na mzungu.

Usicheke, ngoja nikueleze. Likizo ile ndefu ya mwaka jana si nilikuwa nashinda gerejini kwa anko Sele pale Makorora, mi nikijidai namwandikia mahesabu, kumbe nakwepa kupika. Basi kila gari inayoletwa pale ikiwashwa tu kuna mwanamke anaongea Kijapani ndani. IST anaongea, Noah anaongea, Passo anaongea. Wateja wote wanauliza anasema nini huyu, na mafundi wanawajibu wanavyojisikia, mmoja aliambiwa eti gari inadai oili akaenda kununua kweli. Mi nikachukua simu nikaanza kutafsiri kwa kamera na kusikiliza, kumbe yule mama anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Basi. ETC ni mambo ya kulipia barabara kule Japani, unapita getini bila kusimama, kadi inakatwa yenyewe. Maskini anadai kadi ya barabara za Tokyo miaka na miaka yuko Tanga hajui.

Nikaandika hiyo. Blogu ya bure, simu yenye kioo kilichopasuka, bando la usiku. Halafu nikaandika nyingine kwa nini redio ya gari ya Japani haishiki stesheni nyingi za kwetu (FM yao inaanzia 76 na zile gari za zamani inaishia 90, sisi tunaanzia 88 mpaka 108, kwa hiyo unapata kale kakipande ka katikati tu mpaka ufungiwe ekspanda, kile kidude cha kuongeza stesheni). Nyingine ya ile taa ya bluu yenye alama ya kipimajoto inayowatia watu homa asubuhi, kumbe injini bado ya baridi tu, ikipata moto inazima. Na ile ya kile kifimbo chekundu kilichobanwa kwenye miguu ya abiria wa mbele. Mwana, hiyo ndo inayosomwa kuliko zote! Watu wanadhani ni tochi, wengine baruti, kuna aliyeniandikia kwamba mwanawe alikuwa anakichezea kama rungu la Kimasai. Ni kimwali cha moto cha dharura, gari ikiharibikia barabarani unakiwasha kinawaka kama dakika 5 wenzio wakuone, na kina tarehe ya mwisho, miaka 4, kwa hiyo karibu vyote vilivyoko Tanzania vimeshaexpaya zamani na bado ni moto, msiwape watoto.

Unaniona nimeanza kufundisha. Samahani. Ndo nilivyokuwa sasa, hata darasani wananiita Bi Toyota.

Turudi kwenye barua. Matangazo ya Google yakishaanza kutoka kwenye websaiti, yaani ile blogu yangu, unaanza kuokota senti, na zikifika dola 10 Google wanatuma barua ya kawaida kabisa, ya posta, ndani ina namba 6, unaziingiza kwenye akaunti ili wajue anwani yako ni ya kweli. Kampuni inayojua mpaka nimelala saa ngapi inataka kunifahamu kwa stempu. Dola 10 zangu zilitimia mwezi wa pili, mi hosteli sina sanduku, nyumbani hatuna, nikaona ya mama ndo ya uhakika. Barua haina namba ya kufuatilia, wanasema wiki 2 mpaka 4. Wiki 4 zikapita, nikaomba ya pili. Na una miezi 4 tu, ikipita hujaingiza namba matangazo yanazimwa. Yangu inaisha mwezi ujao tarehe za mwanzo. Kwa hiyo unaona kwa nini nakuandikia usiku huu badala ya kusoma takwimu, na jumatano nina testi.

Sa utaniuliza kuna shilingi ngapi humo. Kila mtu anauliza. Baba amewaambia majirani nalipwa na Wamarekani, na mjomba wa Muheza alishapiga simu anataka kukopa. Mwana, kwa muda wote huu, tangu mwezi wa nane, kuna dola 23 na senti 40. Kama elfu sitini hivi. Na sijazishika! Hawalipi mpaka zifike 100, na zikifika zinapitia benki, benki nayo ina makato yake. Wasomaji wangu ni kama 300 kwa siku, ambao mi nawaona wengi mno, nawaza ukumbi umejaa watu 300 wote wanaangalia kifimbo chekundu, lakini matangazo ya Kiswahili bei yake ndogo, watu elfu wakipita unabaki na nusu dola. Domeini, yaani jina la websaiti, peke yake nimelipia dola 12 kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, kwa hiyo toa hiyo, toa bando, ukimaliza kutoa usiniambie jibu.

Na mwanzo nilianza vibaya zaidi, hukujua hii. Kabla ya magari nilifungua ya nafasi za kazi. Kila mwanafunzi mwenye laptopu hapa chuoni ana websaiti ya nafasi za kazi na matokeo ya NECTA, wote tunakopi tangazo lile lile, sa msomaji aje kwangu kutafuta nini? Siku ya matokeo ya fomu foo walikuja watu 11. Kumi na moja, na mmoja ni mimi.

Hela iliyoingia kweli ni ya pembeni. Zile redio za Toyota ukibadilisha betri zinajifunga, zinaandika ERC zinadai kodi, si ya TRA, namba ya siri ya kuzifungulia, na mi niliandika jinsi ya kuisoma ile namba ya kwenye skrini, basi watu wakawa wananitumia picha WhatsApp. Kuna jamaa mmoja mimi simtaji, anatoa hizo kodi, akaniambia kila mteja nikimpelekea ananipa elfu tano. Miezi mitatu nikapata elfu themanini na tano, nikanunua godoro. Mara mteja mmoja, dereva wa Uba, akalipa elfu ishirini na tano, kodi hamna, jamaa simu hapokei. Yule dereva hanijui, ananijua kwa websaiti tu, akaniandikia "dada nilikuamini kwa sababu unaandika vizuri." Bora angenitukana. Nilimrudishia yote kwenye boom langu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, wiki ile tulikula mihogo mimi na Neema na nikaacha ile biashara. Na kusema kweli ilikuwa inanikera hata kabla, maana ule ufungaji umewekwa kwa ajili ya wezi wa redio, mi ntajuaje picha niliyotumiwa ni ya gari ya mwenyewe? Anko Sele anasema nimezidi kufikiria. Labda. Ila yeye ndiye aliyempeleka mtu kununua oili.

Sa hivi nina duka moja tu la spea linanilipa elfu ishirini kwa mwezi niweke namba yao pale juu. Ndo hiyo ninayokula.

Ah na nilisahau kukusimulia kituko cha Neema na wenzie, mwezi uliopita. Niliwaonyesha websaiti kwa furaha zangu, wakaenda kujipanga kwenye grupu la hosteli, "tumsaidie mwenzetu, kila mtu abonyeze matangazo mara kumi." Mi nimelala. Asubuhi nakuta dola 9 za usiku mmoja, nikaruka, nikapiga magoti kabisa, halafu Neema akaniambia kwa tabasamu lile lake. Magoti yakabaki pale pale. Hizo ni kliki feki kwa sheria zao, akaunti inaweza kufungwa moja kwa moja. Niliandika mwenyewe kujieleza, siku chache baadaye zile 9 zikakatwa zote na ni haki yao, sijafungiwa bado lakini kila nikifungua imeili tumbo linakata. Neema kanuna eti sina shukrani.

Kwa hiyo unaona, ikipita tarehe barua haijapatikana, ntakuwa nimepoteza kwa posta kile nilichonusurika kwa Neema. Si kwa ajili ya elfu sitini, wallahi. Au ndiyo, sijui. Kuna mzee wa Kigoma anasubiri niandike jinsi ya kubadili lugha kwenye skrini ya gari yake, kaniuliza mara tatu, kila mara anaanza na "samahani mwanangu kwa usumbufu".

Sasa nijibu haraka. Funguo za sanduku sa hivi anakaa nazo nani, bado mwalimu mkuu au karani? Barua zikifika wanazigawa au zinarundikwa kwenye ile kabati ya chaki? Unaonaje, nimwambie mama mwenyewe kwa simu au wewe ndo umwanzishie, na uanzie wapi, kwenye kuomba radhi au kwenye dola? Kaka Abuu bado yuko kwenye mambo ya sheria? Muulizie zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, zile za 2018 zilizotaka leseni ya shilingi milioni moja watu wakafunga blogu, najua zimerekebishwa tangu hapo, ila mimi wa kuandika taa za Passo naguswa au siguswi? Na wewe yule wa Pangani imeishaje, mbona umenyamaza? Tempo ya kufundisha wamekulipa?

Bahasha usiifungue kwa mkasi ukakata namba. Chana taratibu pembeni, piga picha, nitumie.

Wako,
Bi Toyota

Na websaiti ukiipita kuisoma, isome tu. Usibonyeze tangazo. Hata moja Mwana, hata likiwa la madera.