Serikali iafikiane na Italia kuhusu leseni za udereva

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahangaisha Wakenya wengi tunaoishi Italia, nalo ni kutotambuliwa kwa leseni zetu za udereva. Sheria ya huku humruhusu mgeni kuendesha gari kwa leseni ya kwao, ikiambatana na tafsiri rasmi au leseni ya kimataifa, kwa muda wa mwaka 1 tangu ajiandikishe kuwa mkazi. Baada ya hapo raia wa Moroko, Tunisia au Ufilipino hupeleka leseni yake ikabadilishwa bila kufanya mtihani upya, kwa kuwa serikali yake ina mkataba na Italia, ilhali Mkenya, hata awe ameendesha magari kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi, hurudi darasani kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusipande basi au treni. Anayeishi Milano au Roma hana shida kubwa, kwani metro, tramu na mabasi yapo tangu alfajiri hadi usiku. Wengi wetu, hata hivyo, tuko nje ya miji mikubwa, katika maghala, viwanda na nyumba za wazee wanaohitaji mtunzaji, na matangazo mengi ya kazi hizo humtaka mwombaji awe na leseni na gari lake. Dada mmoja kutoka Kilifi ninayemfahamu humtunza bibi mzee katika kijiji cha mlimani ambako Jumapili hakupiti basi hata moja. Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko, kwa hiyo huteremka kwa miguu pembezoni mwa barabara yenye kona kali, magari yakimpita ubavuni, hadi afike kituo cha treni. Siku za mgomo, ambazo si chache, treni za mikoani zinazohakikishwa ni zile za saa 12 asubuhi hadi saa 3, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, tena katika siku za kazi tu. Mwenye zamu ya mchana hajui atafikaje.

Mtihani wenyewe si mchezo. Nadharia ina maswali 30 ya kweli au si kweli, yanayojibiwa kwa dakika 20, na anayekosa zaidi ya 3 ameanguka. Hufanywa kwa Kiitaliano. Kifaransa na Kijerumani vinakubaliwa kwa ajili ya jamii za mipakani, lakini Kiingereza hakimo. Alama za barabarani hazimsumbui dereva mzoefu. Kinachomwangusha ni sentensi ndefu ya kisheria ambamo kiungo kimoja kidogo hugeuza jibu, na mtu anayeelewana vizuri na watu sokoni na kazini bado hupotea humo. Akifaulu nadharia, hulipia mafunzo ya lazima barabarani, na jumla ya gharama hufika mamia ya euro. Kisha huhesabiwa kuwa dereva mpya: kwa miaka 3 haruhusiwi kuzidi kilomita 100 kwa saa katika barabara kuu ambazo wenzake huendesha hadi 130.

Sidai kwamba hatuna la kujifunza. Huku magari hupita upande wa kulia, na katikati ya miji kuna maeneo yaliyofungwa kwa magari ya nje, ambako kamera humnasa dereva na faini ikamfuata nyumbani. Lakini Mwingereza na Mjapani nao wamezoea kuendesha upande wa kushoto, na leseni zao hubadilishwa. Ya Mwingereza ni tangu mwaka 2023, baada ya Uingereza na Italia kuafikiana.

Kenya na Italia si nchi zisizojuana. Waitaliano wamejenga nyumba na hoteli Malindi na Watamu, na mwaka 1967 Italia ilirusha setilaiti kutoka pwani ya Ngomeni, katika kituo ambacho hadi leo kinaendeshwa kwa makubaliano ya serikali hizi mbili. Walioweza kukubaliana kuhusu anga za juu hawashindwi na kadi ya udereva.

Wanaokuja karibuni nawasihi waanze kusoma nadharia katika miezi ya kwanza, maana anayepata ajali baada ya ule mwaka kuisha anaweza kudaiwa na kampuni ya bima fedha zote ilizomlipa aliyeumia. Kwa Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wetu Roma, tunaomba mtueleze hadharani kama ombi la mkataba huu limewahi kuwasilishwa kwa serikali ya Italia, na kama bado, litawasilishwa lini.

Mkenya mkazi wa mkoa wa Brescia,
Italia