Ijumaa: maoni yasiyopendwa, awamu ya pili

Habari zenu wanakikundi,

Ijumaa saa mbili usiku tunarudi kwenye bendi za roki na muziki wa pop. Mara iliyopita mtu aliandika "Beatles wamekuzwa mno", kisha akanyamaza. Hayo si maoni, ni kurusha jiwe gizani. Njooni na hoja: albamu, mwaka, ala, sauti.

Naanza mimi, mnirarue. Ringo Starr wa Beatles ni mpiga ngoma mzuri kuliko anavyosemwa. Yeye ni wa mkono wa kushoto, ila ngoma zake zimepangwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Ndiyo maana akihama kutoka ngoma moja kwenda nyingine kuna kuchelewa kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi akaruka kidato kimoja. Vaeni spika za masikioni, msahau waimbaji, mfuate ngoma peke yake. Mtaisikia.

La pili: bendi ya Genesis haikufa mwimbaji wao Peter Gabriel alipoondoka 1975. Phil Collins alitoka nyuma ya ngoma akashika maiki, baadaye bendi ikawa nyepesi, na wepesi ule mimi naupenda. (Najua nani atanipigia simu.)

AC/DC tuwaache safari hii, tafadhali. Ubishi kuhusu waimbaji wao, Bon Scott na Brian Johnson, ulitukesha.

Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Ponda bendi utakavyo, ila ukimtukana mwenzio nafuta bila kuuliza. Anayetaka kufungua zamu aniandikie inboksi kabla ya Alhamisi.